Usiku Kucha

Kyuteksi ilikuwa imeganda chupani.
Nikaitia matone mawili ya asetoni, nikaisugua kati ya viganja
hadi ikalainika: nyekundu ya ndani ya komamanga.

Nilikuwa katika zile siku zangu,
siku ambazo mswala wangu hukaa umekunjwa
na nyumba nzima hapa Bondeni hujua bila kuambiwa.
Wakiona rangi vidoleni
hunisogezea chai ya tangawizi, basi.

Juu ya meza ya cherehani nilitandaza gazeti.
Selotepu. Kijiti cha meno. Kifuniko cha kalamu kwa duara kubwa.
Na kikopo cha glita cha Barabara ya Biashara,
shilingi hamsini, kadiri ya kidonge cha naftalini.

Gumba: nukta tano kuzunguka moja, ua.
Cha shahada nilikiruka kwanza,
nikakirudia kwa haya.
Mkono wa kulia ukangoja zamu yake kwa hofu,
maana hupakwa na wa kushoto,
na wa kushoto kwetu haukusoma.

Mama alikuwa ametoa salamu ya Isha.
Akabaki palepale, tasbihi ikiishia polepole, mato kwangu.
"Yanuka kama karakana ya viti," alisema.
Kisha, baada ya kitambo cha kuosha sahani mbili:
"Ndoo. Nipake nami."

"Na sala, Mama?"
"Nishasali. Hata alfajiri nna saa nane
zangu mwenyewe. Ikifika, utanifuta."

Mwaka wa tisa sasa hana siku za kukunja mswala.
Tangu mwili umwachishe zamu hiyo
sala tano ni tano, kila siku,
na hakuna aliyewahi kumuuliza
zamani alipenda rangi gani.
(Zambarau. Nilimuuliza usiku ule. Sikuwa nayo.)

Nikaushika mkono unaokanda unga wa mahamri
tangu sijazaliwa. Kucha fupi, pana,
zina mistari kama ganda la chaza.
Nikakata selotepu nyembamba, nikabandika mshazari,
nikapaka, nikaibandua rangi ingali mbichi.
Siri yote ni hapo: ukingoja ikauke,
mstari hutoka na meno.
Glita nayo haimwagwi. Lowesha kijiti, gusa,
kama mtu anayeonja chumvi.

"Hapa nitilie nyota."
"Nyota siwezi, Mama. Naweza nukta."
"Basi nukta. Nyota ya mbali si nukta?"

Usiku kucha alilala mikono nje ya shuka,
vidole vimetanuka chini ya feni,
kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu
chochote cha nyumba hii
na akafurahi kutii.

Saa kumi na nusu, pamba na asetoni.
Muadhini hajakohoa bado kwenye kipaza sauti.
Nilifuta haraka, nikiogopa saa,
yeye ndiye aliyesema:
"Kidole hicho, polepole."

Rangi hutoka. Glita ina roho ngumu.
Tulisugua kwa ndimu, tukasugua kwa uzi,
punje ya mwisho ikajibanza pembeni mwa ngozi
akaichokonoa kwa kijiti kilekile,
akafungua bomba. Maji yakapita.
Nami nikakunja gazeti pamoja na ua langu lililokwaruzika,
nikarudi kulala.

Asubuhi, barazani, beseni la mahamri limefunikwa kawa.
Maalim Shekue alinunua manne, akasita,
akaligeuza moja kwenye mwanga.
"Bi Nuswaiba, leo umetia nini humu?
Lameremeta."

"Iliki," alisema Mama,
akavuta leso
juu ya mikono mitupu.